Stanley Knowles, mbunge wa pensheni za wazee

(Haya ni maneno niliyoongea kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Winnipeg. Baadhi yenu mliomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika, basi nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu, na mwenyekiti ahsante sana kwa nafasi. Niliombwa niongee kuhusu pensheni ya uzee ya hapa Canada, maana wazazi wetu wengi sasa ndo wanafika miaka 65 na maswali ni mengi, fomu zinachanganya, na kila mtu ana habari yake aliyosikia kwa jirani. Fomu tutafika, msiwe na wasiwasi. Lakini nimeomba nianze na mtu kwanza, kwa sababu hii hela inayoingia benki kila mwisho wa mwezi haikuletwa na huruma ya serikali yoyote, ilidaiwa, na ilidaiwa miaka mingi mno, na aliyeidai bila kuchoka kuliko wote alikuwa mbunge wa mji huu huu wetu, jimbo la Winnipeg North Centre, kule kwenye reli na karakana na nyumba za wafanyakazi. Jina lake Stanley Knowles.

Hakuwahi kuwa waziri hata siku moja. Chama chake hakijawahi kuunda serikali ya nchi nzima, si wakati wake wala mpaka leo. Alikaa upande wa upinzani muda wote, chama kidogo, wakati mwingine wabunge hawazidi hata 20 kwenye Bunge la watu 265, na bado ukifuatilia historia ya pensheni ya nchi hii, kila hatua unakuta alama yake. Mimi hilo ndo lililonifanya nimsome huyu mzee kwa makini, kwa sababu huko tulikotoka tumezoea kuamini kwamba mbunge asipopewa uwaziri basi hana kazi, atakaa tu pale kupiga makofi na kusubiri posho.

Alizaliwa 1908, na alizaliwa Los Angeles, Marekani, wazazi wake Wakanada waliokwenda kutafuta maisha. Mama alifariki kwa kifua kikuu Stanley akiwa bado mtoto. Baba alikuwa fundi mitambo, na ulipokuja ule mdororo mkubwa wa miaka ya 1930 akaachishwa kazi, bila pensheni, bila chochote, mtu amefanya kazi maisha yake yote halafu anaambiwa nenda nyumbani. Kijana alikuwa ameshahamia Canada, akasoma Brandon College hapo Manitoba, darasani akiwa na Tommy Douglas, huyo ambaye baadaye alileta bima ya afya Saskatchewan, halafu akaja Winnipeg akafanya kazi ya uchapaji, kupanga herufi, akasomea uchungaji na akawekewa mikono kuwa mchungaji wa United Church mwaka 1933. Kwa hiyo mnaona, fundi wa kiwandani na mchungaji kwa mtu mmoja, na kadi yake ya chama cha wafanyakazi wa uchapaji aliitunza hata alipokuwa mbunge. Siasa aliingia kupitia CCF, chama cha wakulima na wafanyakazi kilichoanzishwa enzi hizo hizo za njaa. Akagombea akashindwa, akagombea tena akashindwa, akapata udiwani wa jiji, na Novemba 1942 ndo akashinda uchaguzi mdogo wa Winnipeg North Centre.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hicho kiti kilikuwa na mwenyewe. Aliyefariki akaacha nafasi ni J.S. Woodsworth, naye alikuwa mchungaji, alikamatwa wakati wa ule mgomo mkubwa wa Winnipeg wa 1919, na miaka miwili baadaye watu wa mji huu wakampeleka Bungeni. Mwaka 1925 uchaguzi ulitoa matokeo ambayo hakuna chama kilichopata wabunge wa kutosha. Waziri Mkuu Mackenzie King alikuwa ananing'inia, anahitaji kila kura. Woodsworth na mwenzake A.A. Heaps, wote wawili wa Winnipeg, wawili tu jamani, wakawaandikia barua viongozi wa vyama vyote viwili vikubwa wakauliza, mtafanya nini kuhusu wasio na kazi na kuhusu pensheni ya wazee? King akajibu kwa maandishi kwamba ataleta sheria. Akaileta, Seneti ikaikataa mara ya kwanza, ikarudi, ikapita 1927. Kura mbili zilizotumika wakati sahihi.

Lakini ile pensheni ya 1927 msije mkadhani ni hii ya leo. Ilikuwa dola 20 kwa mwezi kwa juu kabisa, na ilianzia miaka 70. Uwe raia wa himaya ya Uingereza, uwe umekaa Canada miaka 20, na kipato chako chote ukijumlisha na hiyo pensheni yenyewe kisizidi dola 365 kwa mwaka, yaani dola moja kwa siku. Watu wa mataifa ya asili ya Canada, waliokuwa chini ya ile sheria inayoitwa Indian Act, walifungiwa nje kabisa, kwenye ardhi yao wenyewe. Afisa anakuja kuchunguza una nini, nyumba yako ina thamani gani, watoto wako wanaweza kukusaidia kiasi gani, na ukifa serikali inaweza kudai irudishiwe hela yake kutoka kwenye kile ulichoacha. Fikirieni mama mzee wa miaka 71 anakaa kwenye kiti jikoni kwake, mgeni mwenye faili anamuuliza kuhusu masufuria na kama mwanae anamtumia hela. Watu wengine waliona bora walale njaa kuliko kuulizwa hivyo. Na sisi hapa tunajua ile hali, wapo humu ndani waliopitia usaili wa aina hiyo mahali pengine na bado wakikumbuka wanainamisha kichwa.

Knowles alipoingia Bungeni ndo alichokishika. Kwanza, pensheni iongezwe. Pili, uchunguzi wa kipato uondolewe, kila mzee apate kwa sababu ni mzee na ameijenga nchi, si kwa sababu amethibitisha kuwa ni maskini. Tatu, umri ushushwe kutoka 70. Basi. Aliyasema mwaka wa kwanza, akayasema mwaka wa pili, akaendelea kikao baada ya kikao, kwenye kipindi cha maswali, kwenye mjadala wa bajeti, kwenye hoja binafsi, mpaka mawaziri wa fedha walikuwa wakimuona anasimama wanajua swali kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mtu mrefu mwembamba sana, afya yake haikuwa nzuri, kwenye miaka ya 1940 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa neva wa multiple sclerosis, na bado alikuwa ndo wa kufika mapema na kuondoka mwisho.

Mwaka 1951 ikabidi katiba ya nchi ibadilishwe kidogo ili serikali kuu iruhusiwe kulipa pensheni moja kwa moja, mikoa yote ikakubali, na kuanzia Januari 1952 kila mtu wa miaka 70 aliyekaa nchini muda unaotakiwa akaanza kupata dola 40 kwa mwezi bila kuulizwa ana nini. Tajiri na maskini sawa. Ule uchunguzi jikoni ukaisha kwa watu wa miaka 70. Hii sio kazi ya mtu mmoja, wapo wengi waliopigania, vyama vya wafanyakazi, makanisa, wazee wenyewe, na hata ndani ya chama tawala walikuwepo. Ila mtu wa kusimama Bungeni kila mara na kusema bado haijatosha, huyo alikuwa mmoja.

(Hapa nikafungua mabano kwa ndugu zetu wa Visiwani. Zanzibar mwaka 2016 ilianza pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70, bila kuangalia kipato, na ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo Afrika Mashariki. Mnaona umri ni ule ule wa Canada ya 1952, na maswali yatakayofuata ni yale yale aliyokuwa anauliza Knowles, je kiasi kitapanda bei zikipanda, je umri utashuka. Wenye wazazi kule, hilo ni la kuwauliza wawakilishi wenu.)

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo la kanuni, kwa sababu hapo ndo nguvu ya huyu mzee ilipokuwa na watu wengi wanapita haraka. Knowles alizisoma kanuni za Bunge kama mchungaji anavyosoma Biblia. Kila uamuzi wa Spika wa zamani, kila utaratibu, anajua ulitolewa mwaka gani na kwa nini. Ukiwa na wabunge wachache huwezi kushinda kwa kura, utapigwa tu, lakini ukijua kanuni unaweza kuilazimisha serikali ijibu, isubiri, ieleze, na wananchi wapate muda wa kusikia.

Iliyomfanya ajulikane nchi nzima ni mwaka 1956, mjadala wa bomba la gesi. Serikali ya chama cha Liberal ilikuwa imetawala tangu 1935, imeshajiona haiguswi. Waziri C.D. Howe, mtu mwenye nguvu kweli kweli, alitaka kampuni ya Trans-Canada Pipe Lines, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Wamarekani, ikopeshwe hadi dola milioni 80 za umma ili ijenge bomba kutoka Alberta mpaka hapa Winnipeg, na alitaka sheria ipite kabla ya tarehe 7 Juni ili ujenzi uanze kiangazi hicho hicho. Mei 14 analeta hoja, na hapo hapo kabla hata mpinzani mmoja hajaongea anatoa notisi ya kufunga mjadala. Yaani mnaambiwa jadilini, na mlango unafungwa mkiwa bado mnavuta viti. Na wakafanya hivyo kila hatua ya muswada.

Knowles na wenzake wakaanza kusimama na kuomba utaratibu wa Spika, kimoja kikiisha kingine, kila kimoja na kifungu chake na mfano wake wa nyuma, wiki nzima, wiki ya pili. Hakuna tusi, hakuna ngumi, kitabu tu mkononi. Alhamisi Mei 31, mbunge mwenzake wa CCF, Colin Cameron, akaleta hoja inayomhusu Spika mwenyewe, René Beaudoin, kuhusu barua zilizochapishwa gazetini, na Spika akakubali ijadiliwe, ikaonekana kama upinzani umepata njia ya kuuzuia muswada. Watu wakaenda kulala. Ijumaa asubuhi Juni 1 Spika anaingia, anasema jana nilikosea, na analirudisha Bunge mahali lilipokuwa saa 11 na robo jioni ya jana, kana kwamba yale yote yaliyotokea baada ya hapo hayakutokea. Ukumbi ukalipuka. Kiongozi wa CCF, M.J. Coldwell, mzee mpole anayeheshimika, alitoka kwenye kiti chake akaenda mbele mpaka kwa Spika akimnyooshea ngumi. Siku hiyo Wakanada wanaiita Ijumaa Nyeusi mpaka leo.

Muswada ulipita. Kwa kura upinzani ulishindwa kabisa, na bomba lilijengwa. Lakini wananchi walikuwa wameona, na mwaka uliofuata, Juni 1957, Liberal wakaanguka baada ya miaka 22, na Howe mwenyewe, waziri wa kila kitu, akapoteza jimbo lake kwa mgombea wa CCF. Na lingine lililowaumiza mwaka huo huo ni pensheni, waziri wa fedha alikuwa ameiongeza kutoka dola 40 hadi 46, dola 6 tu, wazee wakaona wamedharauliwa, John Diefenbaker wa Conservative akalitumia hilo kwenye kampeni na alipoingia madarakani akaipeleka 55.

Diefenbaker alipoingia Ikulu, sorry, ofisi ya Waziri Mkuu, kwanza hakuwa na wabunge wa kutosha, na alimfuata Knowles akamwambia njoo uwe Spika. Fikirieni hiyo heshima, nyumba, mshahara, jina, na mtu wa upande wa pili ndo anakupa. Knowles akakataa. Spika hawezi kusimama kudai pensheni, Spika anakaa anasimamia wengine wakiongea, na yeye alichokwenda kufanya Ottawa ni kuongea kwa niaba ya watu wake. Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Najua wanasiasa wangapi, huku na kule, wangekikimbilia kile kiti na kesho yake wangesema ni kwa maslahi ya wananchi.

Na alilipwa nini kwa uaminifu huo? Mwaka 1958 ukaitishwa uchaguzi mwingine, Diefenbaker akazoa viti 208 kati ya 265, CCF wakabaki na 8, na Knowles akapoteza jimbo lake la Winnipeg baada ya miaka zaidi ya 15. Siasa ndo ilivyo, watu waliokupenda wanaweza kukupita. Alichofanya baada ya hapo naona ndo kinaonyesha mtu wa aina gani, hakununa, akaenda kuwa makamu wa rais mtendaji wa Canadian Labour Congress, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na miaka minne ile akaitumia kuongoza kamati ya kuunganisha wafanyakazi na CCF kuwa chama kipya, na mwaka 1961 NDP ikazaliwa. 1962 akarudi jimboni akashinda, na hawakumtoa tena mpaka alipostaafu mwenyewe 1984. Ukijumlisha uchaguzi mdogo na mkuu alishinda mara 13, na muda wote Bungeni ni zaidi ya miaka 37.

Kile kipindi cha pili ndo matunda yalikuja, na sababu ni ile ile ya Woodsworth na barua yake. Waziri Mkuu Lester Pearson wa Liberal alitawala kuanzia 1963 hadi 1968 bila kuwahi kuwa na wabunge wa kutosha, kila siku lazima ahesabu kura, na NDP walikuwa pale na orodha yao. Mwaka 1966 ikaanza Canada Pension Plan, hii ambayo mnaiona inakatwa kwenye mshahara wenu, na umri wa pensheni ya uzee ukaanza kushuka mwaka mmoja mmoja, 69, 68, 67, 66, hadi 1970 ukafika 65. Miaka mitano tu ya kuvumilia baada ya miaka zaidi ya 20 ya kudai. Na Januari 1967 ikaja ile nyongeza kwa wenye kipato kidogo, GIS, ambayo wengi wenu mnaijua vizuri kuliko mimi. Hiyo nyongeza Knowles hakuifurahia sana ilivyopangwa. Yeye na wenzake walitaka kila mzee apate dola 100 bila kupimwa, serikali ikasema hapana, ya msingi inabaki 75 na anayehitaji zaidi tuangalie kipato chake. Aliona ule uchunguzi wa zamani unarudi kwa mlango mwingine. Mimi kwa hili nadhani alikuwa na hoja lakini pia nashukuru GIS ipo, maana bila hiyo wazee wetu waliokuja hapa wakiwa na miaka 50 na kitu wangepata kidogo sana.

Halafu 1972. Pierre Trudeau wa Liberal anapata viti 109, Conservative 107, NDP 31. Mmeona hesabu hiyo. Mwaka 1973 pensheni ikafika dola 100, na likaja jambo ambalo naomba vijana mlishike, ikaamuliwa pensheni ipande kila miezi mitatu kufuata mfumuko wa bei. Zamani kila nyongeza ilikuwa lazima iombwe, mzee anasubiri waziri wa fedha aamke vizuri, na hata ilipoanza kufuata bei ilikuwa mara moja tu kwa mwaka. Baada ya hapo mkate ukipanda na pensheni inapanda yenyewe. Ndo maana hata leo mnaona kiasi kinabadilika Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Mwaka 1975 ikaongezwa posho kwa mume au mke wa mtu mwenye pensheni, aliye kati ya miaka 60 na 65, maana kulikuwa na akina mama wengi mume ana pensheni na yeye hana kitu.

Sitaki mdhani maisha hayo hayakuwa na gharama. Kutoka hapa hadi Ottawa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, familia yake ilibaki Winnipeg na yeye akawa mpangaji kwenye nyumba ya watu kule, miaka na miaka, baba wa kuja na kuondoka. Sisi tunaijua hali hiyo, humu ndani wapo walioacha watoto Bujumbura au Bukavu au Mombasa wakatangulia. Kazi kubwa inachukua kutoka kwa watu wa nyumbani, na wao hakuna anayewasimamishia sanamu.

Mwaka 1981 alipata kiharusi. Akarudi Bungeni, lakini mwili haukuwa ule, na ilipofika 1984 ikajulikana hatagombea tena. Machi 13 mwaka huo Trudeau, mtu wa chama kingine, mtu ambaye Knowles alimsumbua miaka 15 na zaidi, alisimama akaleta hoja ambayo haikuwahi kutokea, kwamba Stanley Knowles afanywe ofisa wa heshima wa Bunge na apewe kiti cha maisha kwenye meza ya makatibu. Kwa asiyeijua, ni ile meza ndefu katikati ya ukumbi, mbele ya Spika, ambapo siwa inalazwa, serikali upande mmoja na upinzani upande mwingine. Mbunge yeyote hakai pale. Vyama vyote vikakubali. Na akawa kweli anakuja, mzee mwembamba, anakaa pale anasikiliza mjadala, haongei, na mawaziri vijana wanaongea huku wanamuona. Alifariki Ottawa Juni 1997, akiwa na miaka 88. Hapa Winnipeg kuna shule yenye jina lake, wazazi wengine hapa mnaipita na gari.

Na msidhani baada ya hapo mambo yalikaa yenyewe. Mwaka mmoja tu baada ya kustaafu kwake, Mei 1985, serikali ya Brian Mulroney ilileta bajeti ya kuondoa sehemu ya ule mpandisho wa pensheni kufuata bei, kitu kilichopatikana 1973. Wazee wakaenda Ottawa, na mama mmoja mstaafu, Solange Denis, mfupi, ana miaka 63, akamvaa Waziri Mkuu nje ya Bunge mbele ya kamera akamwambia umetudanganya. Haikufika wiki mbili serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2012 serikali ya Harper ikapanga kupeleka umri kutoka 65 hadi 67 kuanzia 2023, na ikafutwa 2016 kabla haijaanza. Kwa hiyo baadhi yenu mnaosherehekea miaka 65 sasa hivi, mngekuwa bado mnasubiri.

Haya, sasa fomu, kwa sababu najua ndo mnalolisubiri. Ya msingi ni hii. Pensheni ya uzee inaanza miaka 65, na unatakiwa uwe umekaa Canada angalau miaka 10 baada ya kufikisha miaka 18. Ukiwa na 40 unapata yote, ukiwa na 15 unapata sehemu 15 kati ya 40. Huhitaji kuwa umefanya kazi, akina mama mliolea watoto nyumbani ni haki yenu sawa sawa na aliyekuwa kiwandani. Ukifikisha 75 kiasi kinaongezwa kwa asilimia 10, hilo lilianza Julai 2022. GIS ni kwa mwenye kipato kidogo, na ili isikatike lazima ripoti yako ya kodi iende kabla ya Aprili 30 kila mwaka hata kama hukuingiza senti moja, hapa ndo wazee wetu wengi wanapoteza hela, wanasema mimi sina kazi nitalipa kodi gani, halafu Julai ikifika nyongeza imesimama na mtoto ndo anaanza kuhangaika na simu. Na barua ya serikali ikifika nyumbani usiiweke juu ya friji, mpe mtu aisome siku hiyo hiyo, kwa sababu wengine wanaandikishwa moja kwa moja na wengine wanatakiwa waombe wenyewe, na barua ndo inakuambia wewe uko kundi gani.

Mliokuja na barua zenu leo njooni mezani hapa mbele, kuna vijana wanaoongea Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, tutazipitia moja moja mpaka ziishe. Na kuhusu mbunge wetu wa sasa, ofisi yake ya jimbo iko wazi siku za kazi, nimeshaomba miadi kwa ajili ya suala la wazee waliokaa miaka 8 na 9 ambao hawajafikisha 10, kwa hiyo anayetaka kwenda na sisi aandike jina kwenye karatasi ile pale kwa katibu.